Lidcombe: Maabara Inayojua Baadaye

Wengi wetu katika chama hiki tunaijua Lidcombe kama stesheni ya kubadilishia treni. Ukitoka Parramatta au Auburn kwenda kwenye mechi au tamasha kule Olympic Park, unashuka hapo na kupanda kile kitreni cha safari fupi kinachokwenda na kurudi. Mwisho wa habari. Wachache tumewahi kuuliza jina limetoka wapi.

Jina lenyewe si la kale. Mahali hapa paliitwa Haslem's Creek. Katika miaka ya 1860 serikali ya koloni ilitafuta ardhi mpya ya kuzikia wafu wa Sydney, maana makaburi ya mjini yalikuwa yamejaa, ikaichagua Haslem's Creek. Treni maalumu za mazishi zikawa zinaleta majeneza na wafiwa kutoka mjini. Wakazi hawakupenda jina la kwao ligeuke kuwa jina la makaburi, wakaomba jina jipya, wakapata Rookwood. Haukupita muda mrefu, makaburi nayo yakaitwa Rookwood. Wakaomba tena. Mwaka 1914 yakaunganishwa majina ya mameya wawili, Lidbury na Larcombe, ikapatikana Lidcombe. Safari hii jina halikufuatwa. Makaburi yalibaki Rookwood, na leo ni makubwa kuliko yote katika nusu ya kusini ya dunia.

Lakini kama jina halikufuatwa, wafu wenyewe walirudi kwa njia nyingine. Mwishoni mwa mwaka 2018 Mahakama ya Uchunguzi wa Vifo ya New South Wales ilihama kutoka Glebe, karibu kabisa na katikati ya jiji, ikahamia jengo jipya Lidcombe pamoja na chumba cha kuhifadhia maiti. Karibu nalo kuna maabara ya serikali ya jimbo inayopima vitu kwa ajili ya polisi na mahakama: damu ya marehemu, na vidonge na unga uliokamatwa. Ukitaka kujua ni dawa gani hasa za kulevya zinazozunguka Sydney mwezi huu, na zina nguvu kiasi gani, jibu sehemu kubwa liko hapo.

Makala haya yanahusu jibu hilo na saa linapofika. Kwa miongo mingi jimbo letu limekuwa na mashine na wataalamu wa kupima dawa za kulevya. Swali halikuwa kamwe kama inawezekana kupima. Swali lilikuwa nani apimiwe, na lini: aliye hai kabla hajameza, au maiti mezani na kidhibiti mahakamani. Hadi mwaka 2025 mtu wa kawaida aliyekwenda tamashani katika jimbo hili hakuwa na mahali halali pa kuuliza kilichomo ndani ya kidonge chake. Akifa, alijibiwa.

Mnamo Julai 2019 jengo hilo jipya lilipokea mojawapo ya kesi zake kubwa za mwanzo. Naibu Hakimu Mkuu wa Uchunguzi wa Vifo, Harriet Grahame, alianza kusikiliza ushahidi kuhusu vijana 6 waliokufa baada ya kuhudhuria matamasha ya muziki kati ya Desemba 2017 na Januari 2019. Mdogo wao alikuwa na miaka 18, mkubwa 23. Yaani rika letu. Hatutawataja majina, ingawa yapo kwenye kumbukumbu za mahakama, kwa sababu familia zao bado zinaishi mji huu huu pamoja nasi. Wote sita walikufa kwa MDMA, dawa ambayo watu huiita ekstasi. Wawili kati yao walikuwa wamehudhuria matamasha ya Olympic Park, mwisho wa ile reli fupi inayoanzia Lidcombe.

MDMA huua kwa namna ambayo mtu asiyeijua hawezi kuitarajia. Joto la mwili hupanda, na ukumbini nako kuna joto na watu wanacheza kwa saa nyingi. Moyo hukimbia. Wengine hunywa maji mengi kupita kiasi wakidhani wanajikinga, chumvi ya damu ikashuka. Tena kidonge kimoja hakilingani na kingine: viwili vyenye rangi moja na nembo moja vinaweza kutofautiana sana kwa nguvu, na mnunuzi hana namna ya kujua kwa macho.

Ushahidi mmoja ulitugusa zaidi. Msichana wa miaka 19 alikuwa na vidonge vya kumtosha siku nzima. Akamaliza kumeza kabla ya kufika getini, kwa hofu ya kukamatwa na polisi waliokuwa wakisubiri watu pale mlangoni. Ndugu msomaji, kama umewahi kupita kwenye lango la tamasha Sydney unajua picha hiyo: mbwa wa kunusa, foleni, na wengine kuvutwa kando na kuvuliwa nguo wapekuliwe. Kinga iliyowekwa na serikali ndiyo iliyomfanya ameze vyote kwa mara moja.

Matokeo ya uchunguzi yalitolewa tarehe 8 Novemba 2019. Hakimu Grahame alipendekeza upimaji wa dawa uruhusiwe kwenye matamasha, kiwepo na kituo cha kudumu ambako mtu anaweza kupeleka dawa ikapimwa, mbwa wa kunusa waondolewe matamashani, na upekuzi wa kuvua nguo upunguzwe sana. Alipendekeza pia uitishwe mkutano mkuu wa jimbo kuhusu dawa za kulevya. Kiongozi wa serikali ya jimbo wakati huo, Gladys Berejiklian, alikuwa ameshasema hatakubali upimaji: utawapa vijana usalama wa uongo.

Hoja yake tusiipuuze, maana ina nusu ya ukweli. Vijana wale sita hawakuuziwa sumu nyingine kwa jina la MDMA. Waliuziwa MDMA yenyewe. Basi mtu atauliza, kipimo kingewaambia nini? Kingewaambia nguvu yake, kama kipimo ni kizuri. La pili, upimaji kama unavyofanyika mahali pengi hauishii kwenye mashine. Anayeleta kidonge hukaa na mhudumu wa afya dakika kadhaa, akaulizwa amekula nini, anatumia dawa gani za hospitali, kuna joto kiasi gani leo, na akaambiwa wazi kwamba hakuna kidonge salama. Kwa vijana wengi hayo huwa ndiyo mazungumzo yao ya kwanza na mtaalamu wa afya kuhusu jambo hilo. Hakuna anayeweza kuapa kwamba mmoja wa wale sita angeokoka. Lakini kusema kipimo kisichookoa wote kisiwepo ni sawa na kuwanyima watu kofia za pikipiki kwa kuwa wengine hufa wakiwa wamezivaa.

Kizuizi kilikuwa cha kisheria zaidi kuliko cha kisayansi. Chini ya sheria ya jimbo ya mwaka 1985, kuwa na dawa iliyokatazwa, hata chembe, ni kosa. Kumpa mtu mwingine ni kusambaza. Mfikirie basi mkemia aliyejitolea kwenye hema la tamasha. Akipokea chembe ya kidonge, ameshika dawa haramu. Akiirudisha, amesambaza. Na kijana aliyeileta amejitangaza kuwa mkosaji mbele ya mashahidi. Bila serikali kutoa kinga kwa maandishi, meza ya kupimia ni mtego kwa wote wanaoizunguka.

Sydney ilikuwa imewahi kukutana na fumbo la namna hii mara mbili, na mara zote mbili watu walivunja sheria kwanza.

Mara ya kwanza ilikuwa Novemba 1986. Ukimwi ulikuwa umeingia, na wanaojidunga walikuwa wakigawana sindano kwa sababu kuwapa sindano safi kulikuwa kosa. Daktari Alex Wodak wa Hospitali ya St Vincent's na wenzake wakaanza kugawa sindano Darlinghurst, huku wakijua kwamba wanaweza kushtakiwa. Jambo ambalo halisimuliwi sana ni kwamba sindano zilizorudishwa hazikutupwa tu. Walipima damu iliyobaki ndani yake, ili waone virusi vinaenea kiasi gani. Kipimo ndicho kilichowapa hoja ya kuipelekea serikali. Haukupita muda mrefu, ugawaji wa sindano ukawa programu ya serikali, na sheria ikaacha nafasi kwa sindano hata pale inapokataza vifaa vingine vya kutumia dawa.

Mara ya pili ilikuwa Kings Cross, 1999. Watu walikuwa wakifa vichochoroni na vyooni kwa kuzidisha dozi ya heroini. Mchungaji Ray Richmond wa Wayside Chapel, pamoja na wenzake, walifungua chumba ndani ya kanisa ambamo mtu angeweza kujidunga akiwa ameangaliwa. Polisi wakaja. Mchungaji akashtakiwa, kisha mashtaka yakafutwa. Mwezi huo huo wa Mei, Bob Carr, aliyekuwa akiongoza jimbo, aliitisha mkutano mkuu kuhusu dawa za kulevya katika bunge la jimbo, na mkutano ukakubali kituo halali cha majaribio. Kilifunguliwa Mei 2001. Kiliendelea kuitwa jaribio hadi 2010! Miaka tisa ya kujaribu. Maelfu ya watu wamezidiwa na dawa humo ndani na kuhudumiwa, na hakuna hata mmoja aliyefia humo.

Kwa nini upimaji wa vidonge haukwenda njia hiyo? Sisi tunadhani sababu mojawapo ni kwamba waliokufa hawakuonekana. Sindano na heroini vilikuwa na mtaa wake, wenye duka waliolalamika, maiti zilizookotwa asubuhi. Vidonge vya matamasha vinamezwa na wanafunzi, makarani na mafundi ambao Jumatatu wanarudi kazini. Hakuna anayetaka kujitokeza kudai haki ya kupimiwa kitu ambacho mzazi wake hajui kwamba anakitumia. Na hapo tunazungumza na nyumba zetu wenyewe.

Tulipoanza kuandaa makala haya tulikwama kwenye maneno. Kwa Kiswahili heroini ni unga. Kupima ni kupima, iwe kwa mizani au kwa maabara. Basi mama wa mmoja wetu alipotusikia jikoni kwake tukijadili “vifaa vya kupimia unga” aliuliza kama chama kinafungua biashara ya maandazi. Tulipomweleza, kicheko kiliisha. Alisema kwao Dar es Salaam mtoto wa jirani alikuwa teja, na neno hilo lilipomwangukia hakuna aliyemwita tena kwa jina lake. Kiswahili kina msamiati mpana wa jambo hili, kete, arosto, kubwia, mzungu wa unga, na karibu wote ni wa kumtazama mtu kwa mbali. Hatukupata neno la kawaida kwa mtu anayetumia mara moja moja na ana kazi yake.

Hata hivyo pwani ya Afrika Mashariki ina historia yake ya kuchagua uhai kwanza. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa waraibu wa heroini Februari 2011, kliniki ya kwanza ya serikali ya aina hiyo Tanzania bara, na Zanzibar ikafuata mwaka 2015. Kenya ilipotangaza mpango wa kugawa sindano safi, viongozi wa dini wa Mombasa na pwani walipinga vikali: mnawasaidia watoto wetu kufanya haramu. Ni hoja ile ile ya Sydney, kwa lafudhi nyingine. Ugawaji ulianza hata hivyo, na methadoni ikafuata Malindi na Mombasa. Tunayataja haya kwa sababu baadhi ya wazee wetu hapa husema kwamba kumpimia mtu dawa ni wazo la Kizungu. Wauguzi wa Muhimbili wanaomkabidhi teja kikombe chake kila asubuhi si Wazungu.

Turudi kwenye vifaa. Mfano ulio wazi zaidi wa sheria kukamata kipimo badala ya dawa uko Marekani. Mwaka 1979 serikali kuu iliandika sheria ya mfano kuhusu vifaa vya dawa za kulevya ili majimbo yainakili, na majimbo mengi yakafanya hivyo. Katika orodha ya vifaa haramu, pamoja na mabomba ya kuvutia na mizani, viliwekwa vifaa vya kupimia aina na usafi wa dawa. Enzi hizo mlengwa alikuwa muuzaji mkubwa anayekagua mzigo wake. Miongo mitatu na zaidi ikapita, fentanili ikaingia kwenye heroini na vidonge bandia, na chembe ndogo kabisa ikawa inatosha kuua. Kikatokea kijikaratasi cha kuchovya kwenye maji, kama kipimo cha mimba, kinachoonyesha kama fentanili imo au haimo. Kilitengenezwa kwa ajili ya mkojo. Kituo cha Insite cha Vancouver, Canada, kilianza kukitumia kupima dawa zenyewe mwaka 2016. Lakini katika majimbo mengi ya Marekani mtu aliyekamatwa nacho alikuwa na kifaa haramu, na mhudumu aliyekigawa pia. Aprili 2021 serikali kuu iliruhusu fedha zake zitumike kununulia vijikaratasi hivyo, na jimbo moja baada ya jingine likafuta maneno yale ya 1979, hata majimbo yenye msimamo mkali. Ilihitaji vifo vingi mno kufuta maneno machache.

Hapa Australia, Canberra ilitangulia. Aprili 2018, kwenye tamasha la Groovin the Moo, palifanyika upimaji wa kwanza ulioruhusiwa na serikali nchini. Ukarudiwa 2019, na safari hiyo sampuli 7 zilikutwa na N-ethylpentylone, kemikali hatari ambayo wenye vidonge hawakujua kwamba wamenunua. Wote saba walivitupa. Julai 2022 Canberra ikafungua kituo cha kudumu, CanTEST, ambako mtu huingia kutoka barabarani bila kutaja jina. Kutoka Lidcombe hadi huko ni mwendo wa kama saa tatu kwa gari, na sheria tofauti.

New South Wales ilisubiri. Mwaka 2024 kituo cha Kings Cross kiliendesha jaribio la upimaji la miezi michache, kwa wateja wake tu. Mkutano mkuu ambao Hakimu Grahame aliupendekeza ulifanyika hatimaye mwishoni mwa mwaka huo, miaka mitano baada ya matokeo yake, na wenyeviti wake wakaomba upimaji wa matamasha uanze mapema bila kusubiri ripoti kamili. Desemba hiyo hiyo serikali ya Chris Minns ikatangaza jaribio kwenye matamasha yasiyozidi 12. La kwanza lilikuwa Yours and Owls, Wollongong, Machi 2025: bure, bila jina, chembe ndogo inapimwa na mhudumu wa afya anaeleza matokeo. Mbwa wa polisi hawakuondolewa.

Asidhani mtu kwamba mlango ukifunguliwa umefunguka moja kwa moja. Queensland ilianza upimaji wa serikali mwaka 2024. Serikali ikabadilika, fedha zikakatwa mwaka 2025, na baadaye mwaka huo huo bunge likapiga marufuku upimaji wenyewe.

Na jaribio letu ni la matamasha peke yake. Wakati huo huo idara ya afya ya jimbo imekuwa ikitoa maonyo kuhusu nitazini, jamii ya dawa zenye nguvu kuliko heroini, zilizokutwa ndani ya vidonge vinavyouzwa kama MDMA na hata ndani ya sigara za kielektroniki. Maonyo hayo hutegemea maabara, na mara nyingi hutoka baada ya mtu kufikishwa hospitali. Naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na dawa za jamii ya heroini na nitazini, inapatikana bure kwenye maduka ya dawa nchini kote tangu Julai 2022, bila cheti cha daktari, na tunashauri kila nyumba ya wanafunzi iwe nayo. Lakini kijana anayeuziwa kidonge na rafiki wa rafiki, akakimeza sebuleni Auburn usiku wa Jumamosi, jaribio hili halina meza ya kumpimia. Yeye bado anategemea Lidcombe.